Wakati Uliodhaniwa Kujulikana: Uhakiki wa Hoja ya Win na Scholtz kuhusu Redio ya Mapigo

1.0 Utangulizi

Makala ya Moe Z. Win na Robert A. Scholtz yaliyotoka Februari 1998 katika jarida la IEEE Communications Letters yana kurasa tatu tu, lakini ni nadra kukuta tasnifu ya redio ya mapigo isiyoyataja katika sura ya mapitio ya maandiko. Kichwa chake kinaahidi kumweleza msomaji jinsi redio ya mapigo inavyofanya kazi. Miaka miwili baadaye, Aprili 2000, waandishi hao hao walichapisha makala marefu zaidi katika IEEE Transactions on Communications, ambamo hesabu zilizokuwa zimefupishwa zilipewa nafasi ya kutosha. Kazi hizo mbili, pamoja na wasilisho la Scholtz katika mkutano wa MILCOM wa mwaka 1993, ndizo zilizoipa redio ya mapigo lugha ya kihisabati ambayo watafiti wameendelea kuitumia.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba nadharia hiyo inachukulia kuwa kipokezi kinajua tayari pigo litawasili lini, na kwamba jambo hilo lililotolewa bure katika mlinganyo ndilo lililogeuka kuwa ghali kuliko yote katika kifaa. Uhakiki hauhoji usahihi wa hesabu za Win na Scholtz. Unahoji kile ambacho hesabu hizo zinakiacha nje, namna zilivyosomwa, na sababu ya teknolojia iliyonadiwa kuwa njia ya mawasiliano kuja kushamiri kama njia ya kupima umbali.

Kabla ya kuendelea, neno moja la istilahi linahitaji tahadhari. Katika Kiswahili cha utangazaji, “masafa mafupi” ni mawimbi yanayovuka mabara. Msikilizaji wa redio za kimataifa analijua neno hilo hivyo tangu zamani. Teknolojia inayojadiliwa hapa haivuki hata uwanja wa mpira kwa urahisi. Kwa kuwa neno “masafa” hubeba maana ya umbali na pia ya idadi ya mitetemo kwa sekunde, katika uhakiki huu limeachiwa maana hii ya pili, na palipokusudiwa umbali limetumika neno “umbali”.

2.0 Pigo na Fremu

Redio ya kawaida hutumia wimbi lisilokatika, ambalo hubadilishwa kidogo kidogo ili libebe ujumbe. Redio ya mapigo haina wimbi la namna hiyo. Hutuma pigo fupi mno, kisha hunyamaza, kisha hutuma jingine. Katika mfano wa Win na Scholtz pigo lina urefu wa takriban nanosekunde 0.7, na wakati umegawanywa katika fremu za nanosekunde 100, kila fremu ikiwa na pigo moja. Maana yake ni kwamba kisambazaji hufanya kazi kwa chini ya asilimia moja ya wakati wote. Kwa kuwa pigo ni fupi, nguvu yake hutawanyika katika upana wa gigahezi kadhaa.

Ili watumiaji wengi washiriki anga moja bila kugongana, kila mmoja hupewa mfuatano wake wa kurukaruka ndani ya fremu: pigo lake huwahi au huchelewa kwa kiasi kinachojulikana na yeye na mwenzake tu. Ujumbe wenyewe hubebwa na uhamisho mdogo zaidi. Sifuri huacha pigo mahali pake, na moja hulisogeza mbele kidogo. Katika mfano wao msogeo huo ni takriban nanosekunde 0.15, muda ambao mwanga husafiri chini ya sentimita tano.

Katika kazi zao za kipindi hicho waandishi walitaja sababu mbili kuu za kuichagua njia hii: uwezo wake wa kutenganisha mawimbi yanayofika kwa njia nyingi baada ya kugonga kuta na samani, na kuwapo kwa teknolojia ya kuzalisha mapigo hayo kwa ugumu mdogo kiasi. Sababu ya pili ndiyo iliyosafiri mbali zaidi katika maandiko yaliyofuata. Ni vema kuisoma polepole. Inazungumzia kuzalisha, kuhusu kupokea haisemi jambo la uzito huo huo.

3.0 Kile Kilichodhaniwa Kujulikana

Makala ya 1998 yanasema wazi kwamba makadirio yake ya idadi ya watumiaji yamefanywa katika hali kamilifu. Kipokezi kimelandanishwa na kisambazaji kikamilifu, na mawimbi ya watumiaji wote yanakifikia kipokezi yakiwa na nguvu sawa. Kwa masharti hayo hesabu inaruhusu maelfu ya watumiaji wa kasi ndogo kushiriki anga moja. Matokeo hayo ni sahihi ndani ya masharti yake. Swali la mhakiki ni kama masharti hayo ni kilainisho cha hesabu tu, au yameliondoa tatizo lenyewe.

Jibu linaweza kutafutwa kwa namba za mfano ule ule. Kwa fremu za nanosekunde 100 hutumwa mapigo milioni 10 kwa sekunde. Kama kasi ya ujumbe ni kilobiti 19.2 kwa sekunde, kila biti hubebwa na mapigo yapatayo 520, nayo huchukua takriban mikrosekunde 52. Kipokezi hujumlisha mapigo hayo 520 ili kuishinda kelele, na uzuri wote wa mpango huu umo katika jumla hiyo.

Sasa tuchukulie saa mbili za kioo cha kwatzi, moja katika kisambazaji na nyingine katika kipokezi, kila moja ikiwa na kosa la sehemu 20 katika milioni kwa upande uliopingana na mwenzake. Hicho si kioo kibovu. Ndicho kiasi ambacho kiwango cha IEEE 802.15.4a kilikuja kukiruhusu. Tofauti kati ya saa hizo ni sehemu 40 katika milioni. Katika muda wa biti moja zinaachana kwa nanosekunde 2 na zaidi kidogo, yaani karibu mara tatu ya urefu wa pigo lenyewe. Msogeo wa nanosekunde 0.15 unaotofautisha sifuri na moja unamezwa kabla hata mapigo 40 ya kwanza hayajapita. Kwa hiyo kipokezi kilicholandanishwa kikamilifu mwanzoni mwa biti kitakuwa kimeshapotea muda mrefu kabla biti hiyo haijakwisha, isipokuwa kiwe na sakiti inayoifuata saa ya mwenzake na kuisahihisha mfululizo. Sakiti hiyo inaweza kutengenezwa na imetengenezwa. Lakini haimo katika mlinganyo, na umeme wake haumo katika hesabu.

Hayo ni kuhusu kukifuata kile ambacho kimeshapatikana. Kukipata ni kazi kubwa zaidi. Kipokezi kinachowashwa hakijui pigo liko wapi ndani ya fremu, wala mfuatano wa kurukaruka umefika wapi. Kama mfuatano unajirudia kila baada ya fremu 16, eneo la kutafutwa ni nanosekunde 1,600. Kwa hatua za nanosekunde 0.35, yaani nusu ya pigo, kuna mahali zaidi ya 4,500 pa kujaribu. Kama kila jaribio linahitaji mapigo yale yale 520 ili kuishinda kelele, kipokezi kinachojaribu mahali pamoja pamoja kinaweza kuhitaji karibu robo ya sekunde. Katika muda huo kisambazaji kingekuwa kimetuma biti zaidi ya 4,500. Kwa kifaa cha kupima joto ambacho ujumbe wake wote ni biti mia moja au mia mbili, utafutaji unakuwa mrefu kuliko mazungumzo yenyewe kwa zaidi ya mara 20.

Inawezekana kujibu kwamba utafutaji huweza kufanywa kwa vilinganishi vingi sambamba. Ni kweli, na ndivyo wabunifu walivyofanya. Lakini kila kilinganishi kinachoongezwa ni sakiti inayokula umeme, na kwa hiyo jibu hilo linathibitisha kwamba gharama imehama, haijatoweka.

4.0 Utetezi wa Waandishi na Mipaka Yake

Haitakuwa haki kudhani kwamba Win na Scholtz hawakuliona jambo hili. Scholtz ni mmoja wa waandishi wa kitabu kikubwa cha mawasiliano ya wigo uliotawanywa alichokiandika pamoja na Simon, Omura na Levitt na kuchapishwa mwaka 1985, na ulandanishi ni mojawapo ya mada kuu za kitabu hicho. Mtu wa aina hiyo hasahau ulandanishi. Anauweka kando kwa makusudi. Barua ya kurasa tatu haiwezi kubeba kila kitu, na kueleza dhana zako waziwazi ni uungwana wa kitaaluma.

Zaidi ya hayo, dai lao la kwanza, lile la uimara dhidi ya mawimbi ya njia nyingi, halikusimama juu ya dhana. Mwaka huo huo wa 1998 walichapisha matokeo ya vipimo vilivyofanywa ndani ya jengo la ofisi, katika sehemu 14 tofauti, kila sehemu ikiwa na gridi ya nukta 49. Vipimo vilionesha kwamba nishati ya pigo inayopokewa hubadilika kidogo sana kipokezi kinaposogezwa kutoka nukta hadi nukta, tofauti na wimbi jembamba ambalo huweza kufifia kabisa kwa hatua ya sentimita chache. Hiyo ni kazi imara, na miaka iliyofuata haijaitikisa.

Hata hivyo, vipimo vile vile vina upande wa pili ambao wasifu wa uimara umeufunika. Nishati haikupotea kwa sababu ilitawanyika katika mwangwi mwingi unaofika kwa nyakati tofauti. Ili kuivuna, kipokezi kinahitaji vidole vingi, kila kimoja kikishika mwangwi wake kwa wakati wake. Uwezo wa kutenganisha njia ni fadhila kwa mwenye vidole vingi. Kwa mwenye kidole kimoja ni njia ya kupoteza sehemu kubwa ya kile kilichofika. Hapa tena fadhila ya wimbi ni deni la kipokezi.

Dhana nyingine, ile ya kuichukulia jumla ya mwingiliano wa watumiaji wengine kama kelele ya Gauss, ilihojiwa mapema. Durisi na Romano waliijadili mwaka 2002, na Hu na Beaulieu walitoa hesabu sahihi zaidi mwaka 2004. Inafaa kuona kwamba jumuiya ya watafiti ilisahihisha kwa bidii dhana iliyohusu kalamu na karatasi, ilhali ile iliyohusu betri ilikawia kusahihishwa katika milinganyo ya aina hiyo hiyo. Pengine sababu ni kwamba kosa la makadirio linaweza kuthibitishwa kwa nadharia, lakini gharama ya ulandanishi haionekani mpaka mtu atengeneze chipu.

Lawama iliyobaki inaangukia usomaji. Tasnifu nyingi zimeunakili mlinganyo pamoja na orodha ya dhana zake, zikaiweka orodha hiyo katika aya moja, na hazikuirudia tena hadi mwisho. Kichwa cha makala kinachosema “inavyofanya kazi” kinachangia usomaji huo, kwani kilichoelezwa ndani ni jinsi redio hiyo ingefanya kazi kama kipokezi kingekuwa kimeshaambiwa wakati.

5.0 Kanuni ya 2002 na Ushahidi wa Chipu

Tarehe 14 Februari 2002 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu matumizi ya mawimbi ya upana mkubwa bila leseni. Kwa mawasiliano ya ndani ya majengo na ya vifaa vya mkononi ilitenga bendi ya gigahezi 3.1 hadi 10.6, kwa kikomo cha nanowati 75 kwa kila megahezi. Kifaa kinachotumia bendi yote kwa ukamilifu hakiwezi kuvuka takriban miliwati 0.56 kwa jumla. Simu ya GSM ya bendi ya megahezi 900 huweza kufikia wati 2, zaidi ya mara 3,500 ya kiasi hicho. Karibu na masafa ya GPS kikomo kiliwekwa chini zaidi, kwa tofauti ya desibeli 34.

Kanuni hii iliigusa hoja ya 1998 mahali pawili. Kwanza, pigo lililochorwa na Win na Scholtz lina sehemu kubwa ya nguvu yake chini ya gigahezi 3.1. Ili kuipandisha hadi bendi iliyoruhusiwa, wabunifu wengi walirudi kwenye kile ambacho redio ya mapigo ilijisifu kukiacha, yaani kizalishaji cha wimbi. Pili, kikomo cha nguvu kilimfunga kisambazaji mikono. Kisipoweza kupaza sauti, kazi yote ya kusikika inabaki kwa msikilizaji.

Ukubwa wa kazi hiyo ulionekana wazi katika mkutano wa ISSCC wa mwaka 2007. Kutoka maabara ya Anantha Chandrakasan katika chuo cha MIT ziliwasilishwa chipu mbili za teknolojia ile ile ya nanomita 90. Wentzloff na Chandrakasan waliwasilisha kisambazaji cha kidijitali kitupu kilichotumia pikojuli 47 kwa pigo. Lee na Chandrakasan waliwasilisha kipokezi kilichotumia nanojuli 2.5 kwa biti. Kwa mpango wa pigo moja kwa biti, kupokea kuligharimu zaidi ya mara 50 ya kutuma.

Namba hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kipokezi hicho si kile cha nadharia ya 1998. Hakilinganishi pigo na kiolezo. Kinapima tu kama kuna nishati katika dirisha la kwanza au la pili, na kwa kufanya hivyo kimejiepusha na sehemu kubwa ya usahihi wa saa ambao uhakiki huu umeuhesabu. Ni ubunifu wa hali ya juu, wa watu walioijua gharama na kuipunguza kwa kila njia. Na bado mizani imeegemea upande wa kipokezi kwa kiasi hicho. Katika mtandao wa vihisi, ambamo kila kifaa husikiliza kwa muda mrefu kuliko kinavyosema, mwenye kusoma neno “ugumu mdogo” na kukadiria maisha ya betri kwa gharama ya kisambazaji atakosea kwa kiasi kinachoamua kama mtandao utadumu miaka au wiki.

Njia nyingine iliyopendekezwa na Hoctor na Tomlinson mwaka 2002 ilikuwa kutuma mapigo mawili, la kwanza likiwa kiolezo cha la pili. Ni wazo la werevu: kwa kuwa mapigo yote mawili hupita njia zile zile, kipokezi hakihitaji kuzijua. Lakini nusu ya nishati hutumika kwa kiolezo, na kiolezo chenyewe hufika kikiwa na kelele. Tena kipokezi hulazimika kulihifadhi pigo la kwanza mpaka la pili lifike, na kuchelewesha wimbi pana kiasi hicho ndani ya chipu si kazi nyepesi.

6.0 Mzigo Unapogeuka Kuwa Bidhaa

Kikundi cha IEEE 802.15.3a, kilichotafuta kiwango cha kasi kubwa kwa umbali mfupi, kilikwama kati ya mapendekezo mawili na kikavunjwa Januari 2006. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa makampuni, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa. Kwa hoja iliyopo hapa, chenye uzito zaidi ni kiwango cha kasi ndogo, 802.15.4a, kilichoidhinishwa mwaka 2007.

Katika kiwango hiki dhana ya 1998 inarudi ikiwa na jina na bei. Kila pakiti inatanguliwa na utangulizi wa alama 16, 64, 1024 au 4096, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mikrosekunde moja. Hizo hazibebi ujumbe wowote. Zipo ili kipokezi kiutambue wakati, na utangulizi mrefu kuliko wote hula takriban milisekunde 4. Vilevile biti huandikwa kwa mahali pa kundi la mapigo na kwa ishara yake chanya au hasi, ili kipokezi rahisi kisome mahali tu na kile cha gharama kisome vyote viwili. Kwa maneno mengine, wimbi limechorwa kwa kumtazama kwanza atakayelipokea. Mpangilio huu ni uhakiki wa vitendo wa nadharia ya mwanzo, na una nguvu kuliko makala mengi yaliyoandikwa kuipinga.

Kiwango hicho pia kiliweka upimaji wa umbali miongoni mwa madhumuni yake. Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Nanosekunde moja ya mwanga ni sentimita 30. Kipokezi ambacho kimeshagharimika kujua pigo limefika lini kwa usahihi wa sehemu ya nanosekunde kimeshajua, karibu bila nyongeza, kisambazaji kiko umbali gani. Kwa mawasiliano, wakati wa kuwasili ni kero inayopaswa kuondolewa kabla ya kusoma biti. Kwa upimaji wa umbali, wakati huo ndio matokeo yenyewe na biti ni nyongeza.

Hata hapa saa hazikusamehe. Kifaa kikimwuliza mwenzake na kupata jibu baada ya milisekunde moja, tofauti ya saa ya sehemu 20 katika milioni huingiza kosa la nanosekunde 20 katika safari ya kwenda na kurudi, yaani nanosekunde 10 kwa njia moja, sawa na mita 3. Kwa sababu hiyo kiwango kilieleza utaratibu wa kuulizana pande zote mbili kwa ulinganifu, ili makosa ya saa hizo mbili yafutane kwa sehemu kubwa.

Septemba 2019 kampuni ya Apple ilitoa simu za iPhone 11 zikiwa na chipu ya mapigo iliyoitwa U1. Haikukusudiwa kuhamisha faili kwa kasi, kazi ambayo 802.15.3a ilikuwa imeitarajia, bali kujua vifaa vingine viko wapi. Mwaka 2020 kilifuata kiwango cha 802.15.4z, kwa kuwa teknolojia hiyo ilikuwa imeanza kutazamwa kama ufunguo wa magari na milango, na mwizi anayeweza kulidanganya gari kuhusu wakati wa kuwasili kwa pigo huweza kulifungua akiwa mbali. Kwa hiyo kiliongezwa mfuatano wa mapigo yaliyosimbwa kwa ufunguo wa siri, ambao kazi yake pekee ni kuulinda wakati wa kuwasili usighushiwe.